Usiku wa volkano, 22 Mei 2021: kwa nini kila mtu nyumbani kwetu ana saa yake?

#1 MwanaKatindo (Goma)

Jambo wote. Jumapili iliyopita tulikaa nyumbani kupanga: Nyiragongo ikishuka tena, nani anambeba koko (mzee wetu), nani anashika watoto, tunapita njia gani. Mpango ulikwama kwenye swali moja. Ile Jumamosi ya 2021, toka anga liwe jekundu hadi tulipofunga mlango, ilipita muda gani?

Mama anasema masaa matatu. Anasema alimaliza kupika, akafunga mizigo, akamwosha koko miguu. Yaya, mkubwa wetu, anasema dakika kumi, hata viatu alivaa njiani. Mimi naona lisaa limoja. Kadogo wetu, aliyekuwa na miaka tisa, anaapa tulitoka umeme umeshakatika. Mama anasema taa ya barazani ilikuwa inawaka, yeye mwenyewe ndiye aliamuru izimwe.

Hakuna anayedanganya, ni watu wangu nawajua. Kinachonisumbua ni kwamba mpango mzima unasimama juu ya saa hiyo. Ukiamini ulikuwa na masaa matatu, utaanza kutafuta vyeti vya shule na magodoro. Ukiamini dakika kumi, unashika watoto unaenda.

Nimesoma juu ya Ulric Neisser, mwanasaikolojia wa Marekani. Chombo cha anga Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, kesho yake asubuhi yeye na Nicole Harsch waliwapa wanafunzi wa chuo karatasi: ulisikia wapi, na nani, ulikuwa unafanya nini. Miaka miwili na nusu baadaye waliwauliza tena wanafunzi 44. Robo yao hawakupata hata jambo moja kuu sawa na walichoandika wenyewe. Na bado walikuwa na uhakika kabisa.

Swali langu: ni hofu inayoharibu saa ya kichwani palepale, ama ni kumbukumbu inayojipanga upya baadaye? Na sisi tunaopanga tumwamini nani?

#2 FundiMoto (Birere)

Hofu. Ubongo unakimbia, kwa hiyo vitu vinaonekana polepole. Niliwahi kuanguka na moto (pikipiki) pale Signers, niliona kila kokoto la lami kabla sijafika chini. Uliza mumotari yeyote atakwambia hivyo hivyo. Mama yako aliogopa zaidi, muda wake ukawa mrefu. Kesi imekwisha.

#3 Mwalimu_Himbi

Fundi, pole na ajali, lakini hilo limepimwa. David Eagleman na wenzake, 2007, huko Texas, waliwaangusha watu toka mnara wa mita 31, mgongo ukiwa chini, hadi kwenye wavu. Kila mmoja alikuwa na kifaa mkononi kinachomulika tarakimu kwa kasi ambayo jicho la kawaida haliwezi kuisoma. Kama ubongo ungekuwa kweli unakimbia, zile tarakimu zingesomeka. Hazikusomeka. Lakini walipoulizwa anguko lao lilichukua muda gani, walilikadiria kuwa refu kwa asilimia 36 kuliko walivyokadiria lile la wenzao.

Maana yake muda haukupunguza mwendo wakati wa kuanguka. Ulirefuka kwenye kumbuko. Hofu inafanya uandike mambo mengi kichwani, na ukirudi kuyasoma unaona yalihitaji muda mwingi.

#4 FundiMoto

Mwalimu, hao waliruka wakijua wavu uko chini. Anguko la sekunde mbili tatu, halafu wanaenda kunywa soda. Sisi tulikuwa na moto nyuma, watoto mkononi, na hatujui barabara imefungwa wapi. Usitupimie usiku wa Goma kwa michezo ya Texas.

#5 Mama Furaha (Murara)

Fundi amesema kweli kwa hilo la wavu.

Mimi nieleze upande wangu, sababu mimi sikukimbia mapema. Watoto wa jirani walipopiga kelele «volkano», nilitoka, nikaangalia juu, nikaona nyekundu. Nikarudi ndani. Nilikuwa nimekumbuka 2002. Ile ya 2002 tuliiona inakuja mchana, mtu aliweza kutembea mbele yake na mzigo kichwani. Iliunguza nyumba ya baba mkubwa huku watu wamesimama pembeni wanaangalia. Kwa hiyo moyoni nilisema: niko na wakati. Nikafunga makala (makaa) kwenye mfuko, nikafunga sufuria, nikatafuta karatasi za kiwanja.

Binti yangu, aliyekuja mjini 2009, hakuwa na 2002 kichwani. Alichukua mtoto akaenda. Alikuwa ameshafika Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, mimi bado natafuta karatasi.

Kwa hiyo usiseme tu hofu. Kuna aliyeogopa kidogo sababu alikuwa ameshaiona.

#6 Mwalimu_Himbi

Mama Furaha, hapo ndipo uamuzi unapoingia. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1973 kwamba mtu akitaka kujua jambo lina uwezekano gani, anapima kwa urahisi wa mfano unaomjia kichwani. Wewe mfano wako ulikuwa lava ya 2002, inayotembea.

Sasa fikiria mtu angekuwa na mfano wa 10 Januari 1977. Ile ziwa lake la lava lilimwagika kwa chini ya lisaa limoja, na juu kule kwenye mteremko ilikimbia kama gari. Watu wa vijiji vya chini hawakupata nafasi. Mlima ni uleule, mifano ni miwili, na kila mmoja unatoa uamuzi tofauti. Na 2021 haikutoa onyo la wazi siku zilizotangulia, wanasayansi wenyewe waliandika hivyo baadaye.

#7 Mama Furaha

Wa 1977 wengi wao hawapo tena kutusimulia, Mwalimu. Kwa hiyo tunaosimulia ni sisi wa 2002, na vijana wanasikiliza sisi. Hiyo inaniogopesha.

#8 MwanaKatindo

Aksanti mama. Hilo sikuwa nimeliona hivyo. Mama yangu pia ni wa 2002.

#9 LushoisWaKenya (Lubumbashi)

Kabla mtu hajauliza: Kenya ni commune yetu hapa Lubumbashi, si Nairobi.

Mimi nasema ni jua. Papa yangu alifanya kazi chini ya ardhi Kipushi hadi mgodi uliposimama 1993. Alikuwa anasema ukikaa chini bila saa, unatoka ukidhani ni saa sita mchana, unakuta giza. Na kuna Mfaransa Michel Siffre: mwaka 1962 aliingia kwenye pango peke yake, bila saa, miezi miwili. Walipomtoa tarehe 14 Septemba yeye alihesabu ni 20 Agosti. Akiwa ndani alipiga simu juu akahesabu sekunde 120, ikamchukua kama dakika tano.

Sasa usiku ule wa Goma: anga jekundu, jua limeshazama, umeme unakatika, redio zinachanganya. Mwili unakosa alama zote. Saa ya ndani inapotea tu. Hapo hamuhitaji hofu wala kumbukumbu.

#10 Nyawera_Bukavu

Lushois, Siffre muda wake ulifupika. Mama wa MwanaKatindo wake umerefuka. Giza lako linavuta upande mmoja tu.

#11 LushoisWaKenya

Na yaya yake je? Dakika kumi! Giza limemfaa yaya.

#12 Nyawera_Bukavu

Hahaha, sawa, mchukue yaya.

Niongeze la huku kwetu. Tarehe 27 Mei, baada ya gavana kuamuru vitongoji 10 kati ya 18 vya Goma vitoke, familia ya shangazi ilifika Bukavu kwa boti. Wote walisema safari ya ziwa ilikuwa haimaliziki. Mwezi wa sita walirudi Goma kwa boti ileile, ziwa lilelile. Shangazi alipiga simu: «Tumefika, hata hatukukaa.»

Hilo pia limechunguzwa. Waholanzi wakiongozwa na Niels van de Ven walichapisha mwaka 2011: kurudi kunaonekana kufupi kwa kadiri ya asilimia 22 kuliko kwenda, hata njia ikiwa na urefu uleule. Sababu waliyoitoa ni matarajio: unapoenda unadhani utafika haraka, unakuta ni mbali, unaporudi umeshajiandaa kwa mbali.

#13 KaleKaSake

Si kwa sababu wakati wa kurudi umeshaijua njia?

#14 Nyawera_Bukavu

Walijaribu hilo. Waliorudi kwa njia nyingine yenye urefu sawa nao waliona kurudi ni kufupi. Ndiyo sababu wakasema matarajio.

#15 KaleKaSake

Mimi nabaki na yangu. Sake–Goma naipita kila wiki na kila mara kwenda ni kurefu, na matarajio yangu ninayajua vizuri.

#16 Infirmière_Neema (Goma)

Naomba nilete jambo la mwili, maana wote mnaongea juu ya kichwa tu. Miaka ya 1930 Mmarekani mmoja, Hudson Hoagland, alikuwa anamuuguza mke wake mwenye homa ya mafua. Akitoka kidogo kununua dawa, mke analalamika kwamba amekawia sana. Akaanza kumwambia ahesabu hadi sitini kwa mwendo wa sekunde, huku yeye anaangalia saa. Kadiri homa ilivyopanda, mke alihesabu kwa haraka zaidi. Yaani saa ya ndani ilikuwa inakwenda mbio, kwa hiyo muda wa nje ulionekana mrefu.

Naona kitu hicho wodini. Mgonjwa wa malaria aliye na joto kali anakuita, unamwambia «nakuja», unarudi mara moja, anakukaripia kwamba umemtupa. Anachosema ndicho anachohisi, na mimi huwa simbishii.

MwanaKatindo, uliza kama mama alikuwa mgonjwa wiki ile. Siulizi kwa mchezo.

#17 MwanaKatindo

Nimeuliza. Anasema hakuwa mgonjwa. Koko ndiye alikuwa na homa, na koko anasema tulitoka «asubuhi».

#18 FundiMoto

Koko anaweza kuwa na haki. Moyo wangu ulitoka asubuhi na haujarudi.

#19 Bebe2000 (Goma)

Mimi ninayo kumbukumbu ya 2002 safi kabisa. Niko mgongoni kwa mama, tuko kwenye barabara ya Gisenyi, kuna mbuzi mweupe anapita mbele yetu na kamba shingoni, na mtu mmoja anamfukuza. Nakumbuka joto kwenye uso. Kwa hiyo si kweli kwamba kumbukumbu zinapotea.

#20 KaleKaSake

Bebe, jina lako lina 2000. Januari 2002 ulikuwa na umri gani?

#21 Bebe2000

Mwaka mmoja na miezi kidogo. Na mbuzi namkumbuka.

#22 LushoisWaKenya

Mtoto wa mwaka mmoja anajua rangi ya mbuzi. Goma mna maziwa mazuri.

#23 Mwalimu_Himbi

Mwacheni kijana, jambo lake ni zito. Watu wengi kumbukumbu yao ya kwanza inaanzia kwenye umri wa miaka mitatu hivi. Ya nyuma ya hapo mara nyingi imejengwa na masimulizi ya nyumbani au picha.

Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell, 1995, walichukua watu 24. Kwa msaada wa ndugu zao waliwasimulia visa vya utotoni, vitatu vya kweli na kimoja cha kutunga: kwamba mtu alipotea dukani akiwa mdogo. Kama robo yao walikuja kukikumbuka kile cha kutunga, wote au kipande. Na mwaka 1974 Loftus na John Palmer walionyesha filamu za magari yanayogongana. Aliyeulizwa magari «yalipopondana» yalikuwa na mwendo gani alitaja mwendo mkubwa kuliko aliyeulizwa «yalipogusana». Baada ya wiki moja, wengi zaidi kati ya wale wa «kupondana» walikumbuka kuona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika.

#24 Bebe2000

Nimeuliza mama sasa hivi. Mbuzi alikuwepo. Alikuwa wa mjomba.

#25 KaleKaSake

Mweupe?

#26 Bebe2000

Hakumbuki rangi. Lakini alikuwepo. Kwa hiyo Loftus wenu aeleze mbuzi wa kweli.

#27 Infirmière_Neema

Mbuzi anaweza kuwa wa kweli na kumbukumbu ikawa ya mama. Kisa kilisimuliwa mezani mara nyingi, wewe ukakipaka rangi. Si uongo wako, ni namna tulivyo.

#28 LushoisWaKenya

Hapo mmenikumbusha jambo la nyumbani. Babu yetu anasimulia kila mwaka ikifika 17 Januari: jioni ya 17 Januari 1961 alikuwa kwa fundi wa nguo hapa Lubumbashi, enzi hizo Élisabethville, redio ikatangaza Lumumba ameuawa, fundi akaacha kukanyaga mashine. Anakumbuka hata kitambaa kilichokuwa chini ya sindano.

#29 Mwalimu_Himbi

Lumumba aliuawa usiku wa 17 Januari 1961, ndiyo. Lakini walificha. Serikali ya Katanga ilitangaza kifo chake tarehe 13 Februari. Jioni ya 17 redio haikuwa na habari hiyo.

#30 LushoisWaKenya

Fundi wa nguo na kitambaa vinaweza kuwa vya Februari, basi. Tarehe imekuja baadaye, sababu kila mwaka tunaadhimisha 17. Lakini nani atamwambia babu? Miaka tisini na kitu, na hicho ndicho kisa chake kikubwa. Mimi simwambii.

#31 Mama Furaha

Usimwambie.

#32 Nyawera_Bukavu

Neisser huyohuyo wa MwanaKatindo lilimpata hilohilo. Kwa miaka alikumbuka alivyosikia habari za Pearl Harbor, Desemba 1941: alikuwa mtoto sebuleni, anasikiliza mchezo wa besiboli redioni, matangazo yakakatwa. Halafu akiwa mtu mzima akagundua kwamba mwezi wa Desemba Marekani hawachezi besiboli.

#33 Mwalimu_Himbi

Lakini malizia kisa. Wengine walimjibu kwamba siku ile kulikuwa na mchezo wa futiboli ya Kimarekani kati ya timu mbili zenye majina ya timu za besiboli za New York, Giants na Dodgers. Kwa hiyo huenda alikumbuka karibu sawasawa, akateleza kwenye mchezo tu.

#34 Nyawera_Bukavu

Ndiyo. Na ndiyo sababu nasita kusema «kumbukumbu ni ya uongo». Ya Neisser ilikuwa na mfupa wa kweli, kama mbuzi wa Bebe.

#35 KaleKaSake

Januari 2025 nayo je? Mimi zile usiku za risasi zimeshaingiliana na za 2012. Mtoto analia chini ya kitanda, sijui ni ya mwaka gani. Na nani alisema kweli kuhusu...

#36 Msimamizi

Ndugu KaleKaSake, pole sana kwa yale. Nimekata sehemu ya mwisho ya ujumbe. Vita na wanasiasa vina nyuzi zao. Hapa tubaki na kumbukumbu na muda, tafadhali.

#37 MwanaKatindo

Nimerudi na kitu. Shangazi aliye Gisenyi hakuwahi kufuta audio za WhatsApp za usiku ule. Yaya alimtumia mbili. Ya kwanza ina saa 19:12: «Tantine, juu kumekuwa nyekundu, sijui ni Nyamulagira ama Nyiragongo.» Ya pili ni 20:31, yaya yuko kwenye watu wengi karibu na mpaka wa Rwanda, anahema: «Tuko karibu na Grande Barrière, tunasukumana.»

Kwa hiyo kutoka Katindo tulitoka katikati ya hapo. Ondoa mwendo wa miguu na koko, masaa matatu hayaingii.

Nikamsikilizisha mama. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba irudiwe. Kisha akasema: «Hiyo simu ya shangazi haina saa nzuri. Mimi nilipika.»

#38 LushoisWaKenya

Mama Katindo 1, Neisser 0.

#39 Nyawera_Bukavu

Usicheke haraka. Simu ya yaya ilikuwa imewekwa saa ya wapi? Kuna simu huku mashariki ukichagua nchi inakupa saa ya Kinshasa, na Kinshasa wako nyuma yetu kwa lisaa limoja. Nimeona watu wamekosa boti kwa hiyo.

#40 MwanaKatindo

Nimeangalia simu ya zamani ya yaya. Kweli, kwake audio ya kwanza inaonyesha 18:12. Kwa shangazi ni 19:12, na Gisenyi saa ni moja na yetu. Kwa hiyo ya shangazi ndiyo ya Goma. Lakini sasa naelewa kwa nini yaya anasema anga lilikuwa jekundu «kabla ya saa moja».

Na kuna lingine. Kwenye audio ya kwanza, nyuma kabisa, inasikika sauti ya mama: «Zima ile!» Mama kaona ushindi: ni taa ya barazani. Kadogo kasikiliza sauti ileile, kasema ni toshi aliyokuwa anachezea yeye, umeme ulikuwa hakuna. Tumerudia hadi chaji ikaisha. Haijulikani.

#41 Mwalimu_Himbi

Hiyo «Zima ile» ni ushahidi mzuri kuliko sisi wote hapa, na bado haitoshi.

Kuhusu muda, wako Dan Zakay na Richard Block waliotenga mambo mawili. Kuna muda unaoupima huku unapita: ukiukodolea macho unarefuka, ukiwa na kazi unasahau unafupika. Na kuna muda unaoukadiria baadaye: huo unafuata wingi wa mambo na mabadiliko uliyoyahifadhi. Mama alipika, akafunga, akaosha miguu, akaamuru taa. Kichwani kwake kuna mambo mengi yaliyopangwa, kwa hiyo akiangalia nyuma anaona marefu. Yaya alikuwa na jambo moja, kutoka. Akiangalia nyuma anaona mstari mmoja mfupi.

#42 Infirmière_Neema

Mimi nadhani nyinyi nyumbani mmeshachanganyiana. Mara ngapi mmesimuliana kisa hiki? Fiona Gabbert na wenzake, 2003, Uingereza, walionyesha watu wawili wawili filamu ya tukio moja, lakini kila mmoja aliona kutoka upande wake. Wakawaacha waongee. Baadaye asilimia 71 ya walioongea waliandika kitu ambacho wao wenyewe hawakukiona, walikipata kwa mwenzao. Kadogo wa miaka tisa na umeme wake anaweza kuwa ameupata kwa mtoto wa jirani huko Gisenyi.

Ushauri: kabla ya kuongea tena, kila mtu achukue kaye (daftari) lake aandike peke yake.

#43 Mama Furaha

Neema mwanangu, na mimi nikwambie. Kusimuliana ndiko kulituponya. Wiki zile za baada, tungekaa kila mmoja na kaye lake kwenye kona, tungekufa na moyo. Usiseme masimulizi ni uchafu unaoingia kwenye kumbukumbu.

#44 Nyawera_Bukavu

Mama Furaha ana mtetezi, tena ni Neisser mwenyewe. Baada ya tetemeko la Loma Prieta, California, 17 Oktoba 1989, yeye na wenzake waliwauliza wanafunzi waliolipitia, na wengine wa Atlanta waliosikia habari tu. Mwaka mmoja na nusu baadaye, waliolipitia walikumbuka vizuri mno, karibu wote sawa na walichosema mwanzo. Wa Atlanta ndio waliochanganya. Na sababu mojawapo waliyofikiria: waliolipitia walisimulia kisa chao tena na tena.

Sasa ile Challenger ya ujumbe wa kwanza ni ya watu waliosikia habari. Sisi tulikuwa ndani. Huenda tunakumbuka vizuri kuliko tunavyoogopa.

#45 Mwalimu_Himbi

Umefanya vizuri kuileta. Lakini waliulizwa walikuwa wapi na wanafanya nini. Nyumbani kwa MwanaKatindo wote wanakubaliana walikuwa wapi. Wanagombana juu ya muda.

#46 KaleKaSake

Na mimi niseme juu ya mwisho wa jambo. Tulipokea wakimbizi 27 Mei hapa Sake. Familia moja ililala kwenye baraza letu, mvua iliwanyeshea, mtoto aliharisha, maji yalikuwa shida. Siku ya kuondoka mke wangu alisonga bugali, akakaanga samaki wadogo, sambaza, watoto wakacheza hadi usiku. Hivi karibuni nimekutana na mmoja wao sokoni, sasa ni kijana. Ananiambia: «Papa, kwenu kulikuwa raha.» Nikabaki nimeshangaa.

#47 Mwalimu_Himbi

Kahneman na wenzake, 1993. Watu walitia mkono kwenye maji ya baridi, nyuzi 14, sekunde 60. Mara nyingine sekunde 60 zilezile, kisha 30 za ziada maji yakiongezwa joto kidogo hadi 15. Walipoulizwa ipi warudie, asilimia 69 walichagua ile ndefu. Mwisho uliolegea ulifunika urefu wa maumivu. Kijana wako amebakiwa na sambaza.

#48 KaleKaSake

Ama alikuwa mtoto na watoto hawahesabu mvua.

#49 FundiMoto

Mimi bado nasema hofu. Lakini narudi kwa swali la mwenye uzi: apange kwa dakika ngapi?

#50 Mama Furaha

Asipange kwa 2021 wala 2002. Apange kwa mwendo wa koko. Mchukueni koko, mtembee naye toka mlangoni hadi barrière, mtu mmoja ashike saa. Hapo mtajua kitu ambacho hakipiti kichwani kwa mtu.

#51 MwanaKatindo

Koko amekubali, tena kwa furaha. Jumamosi asubuhi.

#52 FundiMoto

Asubuhi njia ni nyeupe. Usiku ule watu, magari, chukudu (baiskeli za mbao) zenye magodoro, vyote upande mmoja. Zidisha mara mbili.

#53 Mama Furaha

Mara tatu. Mimi nilipita pale na mtoto mgongoni, najua.

#54 Infirmière_Neema

Mama Furaha, si ulisema binti yako ndiye aliondoka na mtoto?

#55 Mama Furaha

Huyo alikuwa wa kwake. Wangu nilimbeba mimi.

#56 MwanaKatindo

Nitaleta dakika za koko Jumamosi jioni. Mwenye audio za usiku ule kutoka njia ya Sake au ya bandarini anitumie kwa siri, na aniambie simu ilikuwa kwenye saa ya Goma au ya Kinshasa.